Jumla iliyoishia na saba

Hii ni hotuba niliyotoa Oktoba kwenye mahafali ya kidato cha nne, shule moja ya sekondari huku Newala. Vijana waliniomba niiandike waisome kwenye simu, basi nimeiandika kama nilivyoongea, na pale nilipokuwa nachora ubaoni nimejaribu kueleza kwa maneno.

Mkuu wa shule, walimu, wazazi wenzangu, wakubwa zangu shikamooni, na nyie wanangu mnaomaliza leo, habari za saa hizi.

Nimeambiwa niongee kuhusu maisha baada ya shule, nidhamu, kujiajiri na mambo hayo. Mwalimu mkuu utanisamehe, hayo wameshayasema waliotangulia na wameyasema vizuri. Mimi naomba chaki. Nataka kuongea kuhusu namba moja, namba moja tu, naiandika hapa.

2,147,483,647.

Hebu nisaidieni kuisoma. Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba. Asanteni. Wengine mmefika kwenye milioni mkanyamaza, nimewasikia, haina shida, namba ndefu inachosha mdomo. Ila mimi hii naijua kwa kichwa kama namba ya simu ya mama yangu, mana kuna msimu nusura inipeleke polisi.

Nilikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika. Humu ndani nadhani kila nyumba ina mikorosho kwahiyo kazi ya karani mnaijua, mkulima analeta gunia, linapanda kwenye mzani, unaandika kilo, unampa karatasi yake, mzigo unaenda ghala kuu, mnada unafanyika, bei inatangazwa, makato yanatoka, hela inaingia benki kwa jina la kila mtu. Zamani tulikuwa tunaandika kwenye yale madaftari makubwa, afu ikaja kompyuta na programu ya kuhesabu, kuna mtu alitutengenezea, simtaji na siyo lengo langu kumtaja. Ilikuwa nzuri, mkulima akifika unaandika jina tu kilo zake zote zinakuja. Mwisho wa msimu tukachapa ripoti ya jumla tubandike ukutani ili kila mwanachama aone, na pale chini kabisa, jumla ya malipo ya msimu mzima, ikaandikwa hiyo namba mnayoiona ubaoni.

Nikabandika. Sikushtuka, ningeshtuka nini, ni bilioni mbili, ni hela nyingi, msimu ulikuwa mzuri.

Wazee wawili wakaja kuisoma. Mnawajua wale wazee ambao hawajawahi kushika kalkuleta lakini ukimpunja shilingi hamsini hulali, ndo hao. Wakachukua karatasi za minada mmoja mmoja, wakakaa chini ya mwembe wakajumlisha kwa kalamu, wakapata bilioni mbili na zaidi ya milioni mia tatu. Yani ukutani kwangu kuna zaidi ya milioni 150 hazionekani.

Sasa kijiji mnakijua. Kufika jioni milioni mia na hamsini zilikuwa zimeliwa na karani. Watu niliokua nao wakaacha kuitikia salamu yangu. Mume wangu akaambiwa kwenye kahawa kwamba bati letu jipya ni jasho la watu, na lile bati tulilinunua kwa mkopo ambao tulikuwa bado tunalipa. Siku nne sikwenda sokoni. Nawaambia hivi mjue kwamba sikuja kuipenda hii namba kwa raha, niliipenda kwa sababu nilikaa nayo usiku nikiwa sina mtu mwingine wa kukaa naye.

Usiku wa pili niko na ile ripoti na taa ya sola, naangalia tu, hata sijui natafuta nini. Nikaanza kuangalia ile saba ya mwisho. Msimu ule bei ya mkulima baada ya makato minada yote ilitoka inaishia na sifuri, 2,310, 2,280, namna hiyo. Na kilo tulikuwa tunaandika kilo nzima, hamna nusu hamna robo. Sa niambieni nyie, kilo nzima ukizidisha kwa namba inayoishia na sifuri, jibu linaishia na nini? Sifuri. Zikiwa mia? Elfu? Ukizijumlisha zote? Sifuri. Haijalishi ni wakulima wangapi, jumla ile LAZIMA iishie na sifuri.

Saba imetoka wapi?

Hata kama ningeiba, wanangu, hata kama ningefuta malipo ya watu hamsini nikaweka mfukoni, kilichobaki bado kingeishia na sifuri. Hakuna wizi wowote wa malipo ambao ungeleta ile saba. Nilivyoliona hilo nikalia, afu nikalala, kwa mara ya kwanza tangu ripoti ibandikwe.

Asubuhi nikampigia mtoto wa dada yangu, anasoma mambo ya kompyuta chuo Dar. Nikamwambia baba, hebu nisikilize nikusomee namba. Nikaanza, bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na themanini na tatu… akanikata, akamalizia yeye, “elfu, mia sita arobaini na saba, si ndiyo mama mkubwa?” Nikabaki mdomo wazi. We umeijuaje na huku kwetu hujafika tangu Iddi? Akasema mama mkubwa, hiyo siyo hesabu yenu, hiyo ni dari.

Akanieleza hivi. Kompyuta inaweka namba kwenye vyumba vidogo, kila chumba kinaingia kitu kimoja tu, sifuri au moja. Sanduku lililozoeleka kwa miaka mingi lina vyumba 32. Kimoja kinakaa alama ya kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, vinabaki 31 vya kuwekea namba yenyewe. Vyote 31 vikijaa moja, moja, moja, umefika mwisho, hakuna namba kubwa zaidi inayoingia mle, na hiyo ya mwisho ndo 2,147,483,647. Jumla yetu ya kweli ilikuwa kubwa kuliko sanduku. Programu ikaandika namba kubwa kuliko zote inazozijua ikanyamaza. Ilitakiwa iseme nimejaa, haikusema.

Aliyeitengeneza akaja akaweka sanduku kubwa, tukachapa upya, jumla ikatoka sawasawa na ya wazee wa chini ya mwembe mpaka shilingi ya mwisho, na ikaishia na sifuri. Nilibandika mwenyewe kwa mkono wangu. Waliokuja kuomba radhi walikuja, wengine hawakuja, hayo tuyaache.

Sasa ndo hotuba yangu inaanza, hayo yote ilikuwa kuwafikisha hapa. Mana baada ya pale mambo yakaisha lakini ile namba haikunitoka. Nikawa najiuliza, hii ni namba gani? Sio ni nyingi kiasi gani, hiyo nilishajua. Ni NAMBA GANI. Ina nini ndani?

Tuko Oktoba, Oktoba ina siku 31. Tuseme tarehe moja mtu anakupa korosho moja. Tarehe mbili anakupa mbili, tarehe tatu nne, tarehe nne nane, kila siku mara mbili ya jana. Tarehe kumi anakupa 512, hizo unakaanga mnakula na wenzako zinaisha. Tarehe ishirini anakuletea 524,288, na tukichukulia kilo ya korosho ghafi ni kama korosho 200 basi hiyo ni tani mbili na nusu na zaidi, kwa siku moja, unahitaji gari. Tarehe 31 peke yake ni korosho 1,073,741,824. Sasa jumlisha mwezi mzima kuanzia ile korosho moja ya kwanza.

Ndo ile ile. 2,147,483,647. Kama tani 10,700 na kitu, ghala haitoshi.

Na huna haja ya kujumlisha kweli, angalieni: moja na mbili na nne ni saba, na siku inayofuata ungepata nane. Ongeza nane, 15, na inayofuata ingekuwa 16. Siku zote jumla inapungukiwa moja tu na mzigo wa kesho. Kwahiyo namba yetu ni mbili ikizidishwa yenyewe mara 31, afu toa moja. Zile tarehe 31 za Oktoba ndo vile vyumba 31 vya kompyuta, kila chumba ni siku moja, moja mana yake umepokea mzigo wa siku hiyo na sifuri mana yake hukupokea. Sanduku lililojaa ni mtu aliyepokea mwezi mzima bila kukosa hata siku moja.

Hapo nikafurahi nikadhani nimemaliza, kumbe bado sijafika hata mlangoni.

Mnakumbuka namba tasa? Namba isiyogawanyika kwa namba nyingine bila baki, isipokuwa moja na yenyewe. (Hilo neno tasa limeumiza wanawake wengi huku mtaani na silipendi, lakini kwenye hesabu ndo neno letu na huku halina ubaya, ni sifa.) Chukua korosho 12, unazipanga mistari mitatu ya nne nne, au miwili ya sita sita, inatoka safi. Chukua 13. Panga utakavyo, lazima moja ibaki nje, labda uziweke zote msitari mmoja. 13 ni tasa.

Sasa korosho zetu za mwezi mzima. Tuanze na mwezi mfupi, Februari ya siku 28, jumla ni 268,435,455. Inaishia na tano, tano inaingia, imevunjika. Mwezi wa siku 30, jumla 1,073,741,823. Jumlisheni tarakimu zake. Ngapi? 36. Tatu inaingia, na tisa pia inaingia, imevunjika. Februari ya mwaka mrefu, siku 29, jumla ni 536,870,911, na hii inaonekana ngumu kweli, jaribu mbili haiingii, tatu haiingii, tano, saba, 11, 13, haiingii, unaweza ukakata tamaa ukasema ni tasa. Lakini ni 233 mara 1,103 mara 2,089. Na hiyo mkitoka hapa mzidishe wenyewe, msiniamini mimi.

Ya siku 31, ndo hii namba yangu, haivunjiki. Kwenye miezi yote ya kalenda ni ya siku 31 peke yake ndo jumla yake ni tasa. Ungeweza kuzimwaga zile korosho kwenye uwanja mkubwa kuliko ule wa mpira wa Nangwanda pale Mtwara mara mia ukazipanga mpaka uzeeke, mistari iliyo sawa haitoki.

Mwalimu wa hesabu nimeona anatikisa kichwa, anataka kuuliza, nimejuaje? Ndo swali lenyewe hilo, mana mtu akikwambia namba ya tarakimu kumi ni tasa usikubali tu kwa sababu imeandikwa mahali. Ripoti yangu ya uongo nayo ilikuwa imeandikwa mahali, na ilikuwa imebandikwa ukutani.

Njia ya kawaida ni kujaribu kugawanya. Na huendi mpaka bilioni mbili, mana vigawo vinakuja viwili viwili, kimoja kidogo na mwenzake mkubwa, ukifika kwenye kipeuo cha pili bila kupata kidogo basi na mkubwa hayupo. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na pointi. Kwahiyo unajaribu namba tasa zote mpaka hapo, ziko 4,792. Kwa mkono, kugawanya namba ya tarakimu kumi mara 4,792. Sifanyi na nyie hamtafanya.

Ila kuna njia, na hii naomba mniangalie vizuri kwa sababu ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyojifunza nikiwa mtu mzima.

Tuchukue saba. Nataka kujua saba inaingia au haiingii, bila kugawanya. Naanza na moja, nakuwa nazidisha mara mbili, na kila ikizidi saba natoa saba, naandika kinachobaki tu. Moja. Mbili. Nne. Nane, toa saba, moja. Haya tumerudi moja! Mbili. Nne. Moja. Mbili. Nne. Moja. Ni gurudumu, linarudi nyumbani kila hatua ya tatu. Sasa hatua ya 30 litakuwa wapi? Tatu inaingia kwenye 30, kwahiyo liko nyumbani, moja. Hatua ya 31? Mbili. Namba yetu ni hiyo toa moja, yani inabaki moja. Saba haiingii, inabaki moja, na hatujagawanya kitu.

Na kwenye mwezi wa siku 30 je? Hatua ya 30 gurudumu liko kwenye moja, toa moja, sifuri. Saba inaingia. Mnaona ule mwezi wa siku 30 ulivyovunjika, sio bahati mbaya, ni kwa sababu 30 yenyewe inagawanyika kwa tatu.

Kila namba tasa isiyokuwa mbili ina gurudumu lake. La 31 linarudi hatua ya tano: moja, mbili, nne, nane, 16, moja. La 11 linachelewa mpaka hatua ya kumi. La 23 linarudi hatua ya 11. Angalieni sasa: saba, gurudumu tatu, tatu inaingia kwenye sita. 31, gurudumu tano, tano inaingia kwenye 30. 11, gurudumu kumi, kumi inaingia kwenye kumi. 23, gurudumu 11, 11 inaingia kwenye 22. Urefu wa gurudumu siku zote unaingia kwenye namba yenyewe ukitoa moja. Mfaransa mmoja anaitwa Pierre de Fermat ndo aliiona hii, karne ya 17, na hakuwa mwalimu wa hesabu, kazi yake ilikuwa ya mahakamani.

Tumalizie. Ili namba tasa fulani iingie kwenye namba yetu, gurudumu lake lazima liwe nyumbani hatua ya 31. Kwahiyo urefu wake lazima uingie kwenye 31. Nini kinaingia kwenye 31? Moja na 31 tu, mana 31 ni tasa! Moja haiwezekani. Basi urefu ni 31 kamili. Na urefu unaingia kwenye namba ile ukitoa moja. Kwahiyo chochote kinachotaka kuvunja namba yangu, ukikitoa moja, lazima kigawanyike kwa 31, na kwa mbili pia mana ni namba witiri, yani kwa 62. Haya na zile 233, 1,103 na 2,089 za Februari ndefu, zitoeni moja moja. 232 ni 29 mara nane. 1,102 ni 29 mara 38. 2,088 ni 29 mara 72. Mimi siku nilipoyahakiki hayo nilikuwa jikoni, nikaacha ugali ukaungua.

Hapo umeshatupa namba tasa nyingi mno bila kuzigusa. Kuna chujio la pili, kwamba kigawo kikigawanywa kwa nane lazima kibaki moja au saba, hilo sitalithibitisha hapa mana linataka ubao mzima na siku nzima. Ukiweka machujio yote mawili, zile 4,792 zinabaki 84. Themanini na nne! Hizo mtu anaweza kuzigawanya kwa mkono.

Na mtu alizigawanya. Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel kule Uswisi, wakati huo yuko St Petersburg, Urusi. Ilikuwa 1772 na macho yalikuwa yameshakwenda, alikuwa karibu haoni kabisa. Padri mmoja wa Ufaransa, Marin Mersenne, alikuwa ameorodhesha tangu 1644 namba za aina hii anazodhani ni tasa, ya siku 31 alipatia, ya siku 67 alikosea, na hiyo ya 67 ilikuja kuvunjwa hadharani 1903 na Mmarekani Frank Nelson Cole, 193,707,721 mara 761,838,257,287. Lakini orodha sio uthibitisho. Euler ndo alithibitisha ya 31, na ikakaa kwa miongo mingi ikiwa ndo namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana duniani.

Ukiwa na namba tasa ya aina hii unapata na namba kamilifu. Sita, vigawo vyake ukiacha yenyewe ni moja, mbili, tatu, ukivijumlisha unapata sita yenyewe. 28 hivo hivo. Namba yetu ukiizidisha na mzigo wa tarehe 31 unapata 2,305,843,008,139,952,128, nayo ni kamilifu. Mwingereza Peter Barlow mwaka 1811 akaandika kwamba hiyo ndo namba kamilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, mana hizi namba ni za udadisi tu hazina faida, nani atahangaika kutafuta nyingine. Wakahangaika. Oktoba 2024 ilipatikana namba tasa ambayo ni mbili ikizidishwa yenyewe mara 136,279,841 toa moja, ina tarakimu 41,024,320, kuiandika tu kunataka mamia ya madaftari ya shule. Na hii namba yetu, iliyoizaa ile aliyosema haina faida, iko kwenye simu ya kila mzazi aliyekaa hapa.

Mwaka 2014 kuna video ya muziki kutoka Korea Kusini iliangaliwa sana YouTube mpaka ikapita dari hii hii yetu, wakalazimika kupanua sanduku la kuhesabia liwe la vyumba 64, dari mpya 9,223,372,036,854,775,807. Hiyo ni mbili ikizidishwa yenyewe mara 63 toa moja. Tasa au siyo tasa? Nani anajua? Sawa, wewe, sema kwa sauti. Tatu inaingia kwenye 63, gurudumu la saba liko nyumbani, kwahiyo saba inaingia. Siyo tasa. Mmeona? Namba ya tarakimu 19 mmeivunja mkiwa mmekaa kwenye benchi, na hakuna aliyeshika simu.

Na kuna jambo linakuja. Kompyuta nyingi zinahesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, na zile za zamani zinaziweka sekunde kwenye sanduku la vyumba 32. Sekunde ya 2,147,483,647 itafika Jumanne 19 Januari 2038, kwa saa zetu saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi na sekunde saba. Pale Mtwara mjini jua ndo litakuwa linachomoza baharini. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijapanuliwa itajaza mpaka chumba cha alama, namba itageuka hasi, itaamini ni Desemba 1901, wakati Lindi iko chini ya Mjerumani. Mashine nyingi mpya zimeshapanuliwa. Lakini zile ndogo ndogo za zamani, za mizani, za pampu, ambazo mtu alizifunga akaondoka, mtu lazima apite akague moja moja, na wa kukagua mwaka huo ni umri wenu nyie, sio wangu.

Nimeona mwalimu ananionyesha saa. Dakika tano, naomba tano tu.

Tuanze kazi ya Euler. Ya kwanza kwenye zile 84 ni 311. Toa moja, 310, ni 62 mara tano, imepita. Gawanya kwa nane, inabaki saba, imepita. Sasa nagawanya kweli kweli, hamna njia ya mkato tena. 311 kwenye 2,147,483,647, inaingia mara 6,905,092, inabaki 35. Haigawi. Kutoka 311 inayofuata iko mbali kidogo, unaruka mpaka 1,303. Chukueni kalamu, nyuma ya ratiba ya mahafali kuna nafasi. Namba yetu kwa 1,303. Simu chini. Atakayepata baki anyooshe mkono.

(Hapo walinyamaza ukumbi mzima, mpaka wazazi wengine nao walikuwa wanaandika. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa binti wa kidato cha pili aliyekuja kuimba kwaya, akasema inabaki 226. Nikamwita mbele tukahakiki ubaoni, 1,303 mara 1,648,107, ongeza 226, ikatoka. Akashika chaki bado, akaniuliza, mama, inayofuata ni ipi? Nikamwandikia 1,489.)